Namna ya Kuua Mdagu kwa Mapenzi

Mdagu una kasoro moja kubwa: ni wa hapa hapa. Haukupakiwa melini, haukuletwa na mke wa gavana, wala hakuna hoteli ya kitalii inayoweza kujidai kuwa ndiyo iliyouleta. Umekuwepo tangu zamani kwenye nyika kavu, kuanzia Senegal, ukafuata ukingo wa kusini wa Sahara mpaka Sudan, Ethiopia na Somalia, ukateremka Kenya na kaskazini mwa Tanzania, halafu ukaonekana tena ng'ambo ya bahari, Yemen na kwenye milima ya Dhofar kule Oman. Ukipita Tsavo au Mkomazi wakati wa kiangazi, vichaka vyote vimebaki vijiti vya kijivu, utauona umesimama peke yake kati ya mawe. Shina limevimba kwa chini, matawi hayana hata jani moja, na juu yake maua ya waridi, rangi imekolea ukingoni mwa petali na kupauka kuelekea katikati. Ndio huo. Mbuzi anaupita. Mchungaji anaupita. Na wewe uliupita, ukiwa njiani kwenda mjini kununua boganvilia, ambayo kwao ni Brazili.

Sasa moyo umegeuka. Umeuona kwa jirani, au kwenye simu, au mlangoni pa benki, na umeamua lazima uwe nao nyumbani. Hongera. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, ila nikuonye mapema kwamba kazi iliyo mbele yako si ndogo. Mti huu huko porini hukaa miezi mingi bila tone la mvua, juu ya mwamba, jua likiuchoma kutwa, na bado unachanua. Kuumaliza ndani ya masika moja, tena kwenye nyumba yenye bomba, kivuli na watu wenye huruma, kunataka juhudi za familia nzima. Lakini inawezekana. Nyumba nyingi zimeshaweza.

KUUPATA

Njia ya kishujaa ni kwenda kuung'oa porini. Beba mtaimbo, jembe, kamba, na rafiki mwenye pikapu. Chagua ule mkubwa kuliko yote, wenye shina la kukumbatia kwa mikono miwili. Anza kuchimba. Utagundua kwamba sehemu kubwa ya unene ule iko ardhini, imejibana katikati ya mawe, na haina nia ya kutoka. Vuta hivyo hivyo. Mizizi ikikatika usihangaike nayo. Ufunike mti kwa turubai, uukimbize nyumbani, uupande siku hiyo hiyo kwenye udongo uliolowa, kisha umwagie ndoo mbili za pole ya safari. Vidonda vibichi na maji mengi vikikutana, huna haja ya kufanya jambo jingine. Na ikiwa shughuli hiyo uliifanyia ndani ya hifadhi ya taifa, utapata nafasi ya mazungumzo marefu na askari wa wanyamapori, watu ambao hawana ucheshi hata kidogo linapokuja suala la kutoa mti nje ya geti.

Njia ya kistaarabu ni kununua kwa wauza maua wa kando ya barabara. Pale utaitwa "bosi" hata kama umeshuka kwenye daladala.

"Huu shilingi ngapi?"

"Huo wa kienyeji, bosi. Elfu kumi na tano, tunaongea." Anainama nyuma ya minazi ya mapambo, anatoa mwingine wa kimo kile kile. "Ila huu hapa laki na nusu. Huu wa Thailand."

"Tofauti yake nini?"

"Huu wa Thailand, bosi."

Maelezo yamekamilika. Lipa. Ukienyeji, katika nchi yetu, unapandisha bei ya kuku peke yake. Ukihamia kwenye maua unaishusha. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa wanauza mapambo ya bustani.

Nisimwonee muuzaji. Ukweli ni kwamba wakulima wa Thailand na Taiwan walifanya kazi ambayo sisi tuliokuwa na mti mlangoni hatukuifanya. Walichukua mbegu za mmea wa nyika, wakachavusha kwa mkono, wakachagua, wakachavusha tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakapata maua yenye tabaka mbili na tatu za petali, ya manjano, ya zambarau, mekundu yaliyokolea mpaka yanakaribia weusi. Leo mbegu zinarudi Afrika ndani ya bahasha, na miche ndani ya maboksi, na sisi tunalipia nauli.

Kama unataka asili ya kifahari ya kuwasimulia wageni, ipo ya kweli na haihitaji Bangkok. Mnamo 1761 mfalme wa Denmark alituma msafara wa watu sita kwenda Uarabuni. Miongoni mwao alikuwemo Peter Forsskål, mwanafunzi wa mwanabotania Linnaeus, aliyekuwa akikusanya mimea kwa pupa ya ajabu. Alifika Yemen, akauona mti huu, akauandika. Mwaka 1763 malaria ikamuua huko huko, na wenzake nao wakaendelea kufa mmoja mmoja hadi akabaki Carsten Niebuhr peke yake, ambaye ndiye aliyerudi nyumbani na kuyachapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Jina la kitaalamu linalotumika leo, Adenium obesum, lilikuja baadaye, mwaka 1819, na sehemu yake ya kwanza imetoka kwenye mji wa Aden. Watu watano walikufa katika safari ile, na mdagu ambao hakuna aliyeumwagilia ukaendelea kuchanua. Liweke akilini hilo tutakapofika kwenye maji.

CHUNGU NA UDONGO

Nunua chungu kirefu, chenye kung'aa, cha rangi inayooana na makochi. Muhimu kuliko yote, kisiwe na tundu chini. Tundu linachafua vigae, na sisi tumejenga kwa mkopo. Kama kwa bahati mbaya kina tundu, kizibe kwa sahani pana ya plastiki na uhakikishe sahani hiyo imejaa maji wakati wote, ili mbu nao wapate pa kuishi.

Kwa udongo, chota ule mweusi, unaonata kwenye jembe na kupasuka ukikauka. Una rutuba, kila mtu anajua. Changanya na samadi ya kuku ya leo asubuhi, ile inayofukiza. Shindilia vizuri kwa kiganja, pasibaki hata upenyo wa hewa.

Kuna watu wachache, wapinzani wa mwongozo huu, wanaofanya kinyume. Wao huchukua chungu cha udongo wa kuchoma, kipana na kifupi, chenye tundu moja kubwa au matatu, kwa sababu kuta zake zinanyonya unyevu na kuutoa nje. Wanakijaza mchanga wa mto, ule wa chembe kubwa unaotumika kwenye zege, na kokoto ndogo, kisha wanaongeza mboji iliyooza sawasawa, isizidi theluthi ya mchanganyiko. Walioko Arusha au karibu na Naivasha wana bahati ya changarawe ya volkano, nyepesi na yenye vitundu, ambayo mti huu unaipenda mno. Walioko pwani hushawishika na mchanga wa ufukweni kwa kuwa uko karibu. Una chumvi, uuache huko huko. Kipimo chao ni rahisi: mwaga kopo la maji juu, hesabu polepole, na kabla hujafika kumi uwe umeshasikia yakidondoka chini. Watu hawa wana midagu ya miaka mingi, na sebule zao hazina chungu hata kimoja kinachong'aa.

MAJI

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Makosa mengine yote ya mwongozo huu ni msaada tu. Mdagu ukifa mjini, mara nyingi umekufa kwa maji. Na uzuri wake ni kwamba hakuna muuaji. Kila mtu nyumbani alitoa kidogo, kwa nia njema.

Asubuhi anaanza mtunza bustani. Yeye analipwa kumwagilia, na mti usiohitaji kumwagiliwa ni hoja dhidi ya mshahara wake, kwa hiyo anausogezea mpira wa maji akiendelea kuzungumza na mlinzi. Saa nne dada wa kazi anatoka na maji aliyooshea mchele, kwa kuwa aliambiwa yana vitamini. Adhuhuri watoto wanatoka shule na kumalizia juisi humo. Jioni unarudi wewe, umechoka na foleni, unataka dakika tano za utulivu na bustani yako, na mtu hawezi kusimama tu kwenye bustani bila kushika kitu, kwa hiyo unashika keni.

Halafu yupo mama mkwe, aliyekuja kwa wiki moja mwezi uliopita.

"Mwanangu, mti wako huu unaumwa."

"Shikamoo mama. Hauumwi, ndivyo ulivyo. Hautaki maji mengi."

"Marahaba. Kila chenye uhai kinataka maji."

Huwezi kubishana na hoja hiyo na ukabaki na adabu. Nyamaza. Usiku, akishalala, hamishia chungu nyuma ya tangi. Asubuhi atakifuata huko na kikombe.

Baada ya wiki kadhaa majani yataanza kugeuka manjano na kuanguka. Hii ndiyo hatua nyeti kuliko zote, na ndipo wanaoanza hukata tamaa wakaacha kumwagilia, na mti ukapona. Wewe usiwe hivyo. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hivyo mti uliozama unalegea sawasawa na mti wenye kiu. Tumia nafasi hiyo. Mwambie kila mtu nyumbani kwamba mti umekauka, na mwongeze dozi, asubuhi na jioni. Sijawahi kuona mpango wa familia unaotekelezwa kwa umoja kiasi hicho.

Kujua kama umefaulu, bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, bado una kazi. Likiwa limenywea kidogo, ngozi ina mikunjo lakini nyama ya ndani imekaza, hiyo ni kiu ya kawaida na kopo moja la maji litaiondoa ndani ya siku chache. Kuwa makini usije ukaupa kopo hilo moja tu. Lakini kidole kikizama, na pakatoka harufu ya kitu kilichosahaulika kwenye friji wakati wa mgawo wa umeme, pokea pongezi zangu.

Wenye roho nyepesi hujaribu kuokoa hata hapo. Wanaung'oa mti, wanaosha mizizi, wanachukua kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti na kukata sehemu yote laini, wanaendelea kukata mpaka wafike kwenye nyama nyeupe isiyo na doa la kahawia hata moja. Wakiacha doa, uozo unaendelea. Wanapaka unga wa salfa au wa mkaa kwenye kidonda, wanauning'iniza mti kivulini penye hewa, kichwa chini miguu juu, kwa wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke na kufanya gamba. Ndipo wanaupanda kwenye mchanga mkavu na kukaa siku kadhaa tena bila kuutilia maji. Mama mkwe akiuona mti unaning'inia darini itabidi mwite kikao, lakini mara nyingi unafufuka.

Na kwa kuwa umeniuliza, au kwa kuwa mhariri atauliza, utaratibu wa kweli uko hivi. Wakati wa joto, mti ukiwa na majani na unakua, unaumwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu unausahau mpaka udongo ukauke kabisa. Wakati wa masika unausogeza chini ya ukingo wa paa. Kipupwe kikiingia, unapunguza hadi karibu na hakuna. Kwa wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa baridi si tatizo; kwa wa Nairobi au Njombe, ile miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya kuangalia, kwa sababu mti huu unaanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, na baridi ikikutana na udongo mbichi haichukui muda. Ukipukutisha majani yote wakati huo, umelala. Usiandae arobaini.

MAHALI PA KUUWEKA

Sebuleni, pembeni ya televisheni, chini ya kiyoyozi. Pale picha zinatoka vizuri. Mti uliozaliwa kwa ajili ya jua la saa sita mchana utaanza kulitafuta dirisha: matawi yatarefuka, yatapinda, yatakuwa membamba, na maua hayatatoka. Watu wataanza kukuuliza ni aina gani ya mti. Ukishachoka na swali hilo, utoe ghafla siku moja ya Februari na uuweke katikati ya uwanja wa pevingi. Majani yaliyokulia kivulini yataungua siku hiyo hiyo. Wapinzani wetu, kama kawaida yao, huutoa polepole, kwanza jua la asubuhi tu kwa wiki mbili, kisha hadi saa sita, na wanataka upate si chini ya saa sita za jua kila siku. Wanaweza kuuweka juu ya ukuta, juu ya paa la zege, mahali ambapo mmea mwingine wowote wa nyumba hiyo ungelia. Na huko ndiko unakochanua.

Kuhusu mbolea nisikuchoshe. Tia yurea. Majani yatakuwa makubwa, ya kijani kilichoiva, laini, yanayopendwa na kila mdudu wa mtaani, na hutaona ua hadi uchaguzi mwingine.

KUHUSU SUMU, BILA MZAHA

Hapa inabidi niwe mtu mzima kidogo. Ukikata tawi la mdagu unatoka utomvu, na utomvu huo una kemikali zinazoshambulia mapigo ya moyo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huuchemsha mpaka uwe mzito wakapaka mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Mdagu ni wa ukoo mmoja na msunguti, ambao Wagiriama na Wawata wa pwani ya Kenya waliutumia kwa kazi hiyo hiyo, na ni wa ukoo mmoja pia na oleanda, vile vichaka vya maua meupe na ya waridi vilivyopandwa kwenye viwanja vya shule na hospitali bila mtu kuuliza.

Kwa hiyo ukipogoa, vaa glavu, usijifute jicho, osha mikono kwa sabuni, osha na kisu, na vipande usivitupe anapopita mtoto au mbuzi. Tawi lake lisitumike kuchomea kuku wa mishikaki, hata kama limenyooka vizuri. Mtoto akitafuna jani au ua, apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mti kiende naye ili daktari ajue anashughulika na nini. Maziwa si dawa, na kusubiri kuona si dawa.

Tukirudi kwenye raha, sumu hiyo hiyo ndiyo inayoufanya mti huu ufae mtaani kwetu. Yule mbuzi wa jirani, aliyemaliza waridi lako, mchicha wako na nusu ya mkeka, akifika kwa mdagu ananusa, anawaza, anaondoka. Pengine ndiyo heshima pekee unayoipata mti huu kutoka kwa mkazi wa kudumu wa eneo.

MGENI ASIYEOGOPA

Yupo mmoja ambaye sumu haimhusu. Ni kiwavi wa nondo anayeitwa Daphnis nerii, mnene, wa kijani, mwenye madoa mawili ya bluu karibu na kichwa ambayo kwa mbali unadhani ni macho yanayokutazama. Anakula majani ya ukoo huu wenye sumu na ananenepa. Usiku mmoja mti ulikuwa na majani, asubuhi una vijiti na mavi ya kijani yametapakaa kwenye sahani, na katikati ya tawi amejinyoosha yeye, ametulia, mkubwa kama kidole cha mkono.

Mwongozo unapendekeza taharuki. Chukua dawa ya mende, nyunyiza kopo zima kwa karibu kabisa, vidokezo vya matawi viungue. Kiwavi atakufa, na mti utakuwa na sababu mpya ya kuumwa. Ukimwokota tu kwa kijiti na kumpeleka mbali, majani yatarudi baada ya wiki chache na hutakuwa na hadithi ya kusimulia. Zaidi ya hapo, nondo atakayetokana naye ni mzuri kiasi kwamba inatia aibu: mabawa yake ni ya kijani, meupe na waridi, yamechorwa mawimbi kama kanga ya doti la sikukuu. Mwenye bustani ya kweli humwachia majani machache. Hatuwaombi muwe watu hao.

Vidung'ata, vile vyeupe vyenye unga wa pamba vinavyojibanza kwenye maungio ya matawi, vinafutwa kwa pamba yenye spiriti. Vidukari vya manjano vinaondoka kwa maji ya sabuni. Hili lingechukua dakika kumi, kwa hiyo ahirisha hadi mwezi ujao.

UNENE, NA WIVU UNAOLETA

Atakayeshindwa na hatua zote hizi, mti wake ukaishi, ataanza kupata ugonjwa mwingine: atataka tumbo. Mdagu unathaminiwa kwa unene wa shina la chini, pale unapohifadhi maji yake, na wenye kuujua hawaangalii ua kwanza, wanainama kuangalia kiuno. Siri yao ni kuuhamisha kila mwaka mmoja au miwili, na kila wanapouhamisha wanaupandisha juu sentimita mbili au tatu, ili mizizi minene iliyokuwa imefichwa ibaki nje. Ngozi ya mizizi hiyo inazoea hewa na jua, inakakamaa, na polepole mti unaonekana umekaa juu ya miguu iliyosokotana. Ni ujanja halali kabisa. Wengine wanapanga mizizi juu ya sahani au kigae kilichozikwa, ili itambae pembeni badala ya kuzama.

Tumbo zuri, hata hivyo, linataka mti uliotoka kwenye mbegu. Mbegu zinakaa ndani ya maganda mawili yaliyoungana mwishoni, yaliyochomoza mithili ya pembe, na kila mbegu ina kishungi cha nywele kila upande. Ganda likipasuka ukiwa kazini, upepo wa kusi unachukua urithi wako wote na kuugawa mtaani. Wenye akili huyafunga maganda kwa uzi mapema na kungoja. Mbegu mbichi ukizilaza juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, zikapata joto, zinaanza kuota ndani ya wiki moja hivi, tena zinatoka tayari na kitumbo kidogo. Maua ya mche wa mbegu lakini ni kamari, huenda yakafanana na ya mama na huenda yasifanane.

Ndiyo maana miti mingi ya "Thailand" imebebeshwa: chini ni mche wa kawaida wa mbegu, wenye tumbo na afya, na juu limeungwa tawi la aina ya maua yenye tabaka tatu. Sehemu iliyokugharimu laki na nusu ni ile ya juu. Ndiyo inayochoka haraka, ndiyo inayovunjika paka akirukia, ndiyo unayoimaliza kwa dawa ya mende. Halafu, siku ambazo umeshaacha kuutazama, chini ya kile kidonda cha maungio linachomoza chipukizi, linanenepa, na kiangazi kikifika linatoa ua la petali tano, waridi ukingoni na jeupe katikati. Ni ule ule wa elfu kumi na tano.

Wataalamu watakwambia ukate chipukizi hilo mapema lisinyonye nguvu ya tawi la juu, lakini tawi la juu limeshakufa, na mti uko hai, na wageni wanakuja Jumapili. Usikate kitu. Wakiuliza, jibu kwa ufupi kwamba ni wa Thailand. Watauzunguka, watauinamia, watapiga picha, na mmoja wao lazima ataomba tawi akapande kwake. Mkatie bila choyo, mfungie kwenye gazeti, mwambie aoshe mikono. Usimweleze kwamba mti wa tawi huota vizuri lakini mara nyingi hautoi tumbo. Akipiga simu mwakani kulalamika kwamba wake umekuwa mwembamba na wenu mnene, muulize kwa upole anaumwagilia mara ngapi, na jibu lolote atakalotoa, mwambie aongeze.